Si Kila Mkato Ni Mpaka

Umeenea miongoni mwa waandishi wa programu za kompyuta mtazamo kwamba kugawa maandishi katika orodha ni kazi ya amri moja, isiyostahili kufikiriwa mara mbili. Maandishi yanayozungumziwa hapa ni yale ambayo kompyuta huyahifadhi kama mfuatano mmoja wa herufi, na kuyagawa ni kuyakata vipande vinavyopangwa katika orodha ili kila kimoja kishughulikiwe peke yake: mahali upande wake, zao upande wake, kiasi cha fedha upande wake. Alama inayoonyesha kwamba kipande kimoja kimekwisha na kingine kinaanza huitwa kitenganishi, na mara nyingi huwa ni mkato au nafasi tupu kati ya maneno. Tatizo huanza pale kitenganishi hichohicho kinapokuwa sehemu ya kipande chenyewe, kwa kuwa hapo anayeandika hulazimika kukizungushia kipande kizima alama za mtajo (" ") ili msomaji, awe mtu au mashine, ajue kwamba kilichomo ndani hakikatwi. Mtazamo unaopingwa katika makala haya huzichukulia alama hizo kama mapambo, au kama ajali isiyotokea mara nyingi kiasi cha kuhangaisha watu.

Mtazamo huo una watetezi makini, na ni haki hoja zao kuu zitajwe kabla ya kujibiwa. Wanasema kwamba amri ya kukata ni fupi, inasomeka na inafanya kazi kwa haraka. Kwamba data nyingi ni safi na hazina alama za kutatanisha. Kwamba zikitokea, fomula moja ya kutafuta ruwaza inatosha kuziba pengo. Kwamba anayeogopa mikato anaweza kuchagua kitenganishi kingine. Kwamba watumiaji wanaweza kuelekezwa wasiandike alama zinazosumbua. Na kwamba maktaba za kusoma maandishi yenye alama za mtajo ni mzigo kwa programu ndogo. Kila moja ya hoja hizi ina chembe ya ukweli, na ndiyo maana zimeshika mizizi. Zikiwekwa pamoja, hata hivyo, zinahamisha gharama kutoka kwa anayeandika programu na kumtwika yule ambaye taarifa zake zinasomwa na programu hiyo.

Mahali pa kuzipimia hoja hizo si lazima pawe maabara ya mbali. Majimoto ni kata ya Halmashauri ya Mpimbwe, Wilaya ya Mlele, katika Mkoa wa Katavi, upande wa Bonde la Ziwa Rukwa, na ni eneo la wakulima wa mpunga. Mkoa wenyewe, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, ulikuwa na watu 564,604 katika sensa ya mwaka huo na watu 1,152,958 katika sensa ya mwaka 2022, maana yake idadi imezidi mara mbili katika miaka 10. Wamo Wapimbwe, Wabende, Wakonongo na Wafipa, wamo Wasukuma waliohamia na mifugo yao, na katika makazi ya Katumba na Mishamo zimo familia zenye asili ya Burundi, zilizotokana na wakimbizi wa mwaka 1972, ambazo nyingi zimepewa uraia wa Tanzania. Orodha yoyote ya watu, vijiji au mazao inayoandikwa katika mkoa kama huo hubeba tahajia za lugha nyingi, na programu isiyojua kusoma alama hupata hapo mtihani wake wa kweli.

1. Dai kwamba amri moja inatosha

Faili la CSV ni faili la maandishi matupu ambamo kila mstari ni rekodi moja, na safu za rekodi hiyo hutenganishwa kwa mikato. Ndilo umbo ambalo lahajedwali, mifumo ya mauzo na mifumo ya usajili hulitumia kupeana taarifa. Uchukuliwe mstari wa mfano ambao karani wa mizani angeweza kuutoa kwenye kompyuta ya chama cha msingi cha ushirika, wenye safu tano: namba ya muuzaji, mahali, zao, kiasi cha shilingi na hali ya malipo.

014,"Majimoto, Mpimbwe",mpunga,"1,250,000",imelipwa

Msomaji wa kawaida anaona safu tano bila kufundishwa. Amri ya kukata kwa mkato inaona vipande vinane, kwa sababu imekata katikati ya jina la mahali na mara mbili katikati ya kiasi cha fedha. Safu ya tatu, iliyotakiwa kuwa zao, inapokea neno Mpimbwe likiwa na alama ya mtajo iliyoning'inia mwishoni. Safu ya nne, iliyotakiwa kuwa fedha, inapokea mpunga. Na safu ya tano, iliyotakiwa kusema kama muuzaji amelipwa, inapokea tarakimu 1 ikiwa na alama ya mtajo mbele yake. Kosa hili angalau linaonekana, kwa kuwa programu itakapojaribu kujumlisha neno mpunga itasimama na kutoa taarifa ya hitilafu.

Mstari unaofuata ni wa hatari zaidi, kwa sababu hauonyeshi dalili yoyote mbaya.

015,Usevya,mpunga,"85,000",imelipwa

Hapa jina la mahali halina mkato, hivyo safu tatu za kwanza zinakaa mahali pake, na safu ya nne inapokea tarakimu 85 zikiwa na alama ya mtajo mbele yake. Waandishi wengi wa programu, wakishaona alama hiyo, huongeza amri ya pili ya kuifuta, nao huamini kwamba wamesafisha data. Matokeo yake ni kwamba shilingi elfu themanini na tano zimekuwa shilingi themanini na tano, namba halali inayojumlishika bila kelele, na hakuna mahali popote ambapo mashine imelalamika. Amri moja, kwa hiyo, haikutosha. Imeongezewa amri ya pili ambayo kazi yake halisi ni kuficha ushahidi wa kosa la kwanza.

2. Dai kwamba data halisi ni safi

Anayesema kwamba mikato ndani ya data ni nadra hajatazama jinsi Watanzania wanavyoandika. Kiasi cha fedha kinachozidi shilingi mia tisa tisini na tisa huandikwa kwa mkato kila baada ya tarakimu tatu. Anwani huandikwa kwa mkato baada ya sanduku la posta, baada ya mji na baada ya mkoa. Kijiji chenye jina linalofanana na la kijiji kingine hutajwa pamoja na kata au wilaya yake, na Majimoto ni mfano mzuri, kwa kuwa jina hilo liko pia katika sehemu nyingine za nchi, likiandikwa mara kama neno moja na mara kama maneno mawili. Mkato katika maandishi haya yote ndiyo tahajia sahihi, na kuuita uchafu ni kumlaumu mwandishi kwa kuandika ipasavyo.

Waliotunza umbo la CSV wamelitambua jambo hilo kwa muda mrefu. Waraka wa RFC 4180, uliotolewa Oktoba 2005 kueleza mazoea ya faili hizo, unasema wazi kwamba safu yenye mkato, alama ya mtajo au mwisho wa mstari ndani yake izungushiwe alama za mtajo, na kwamba alama ya mtajo iliyo ndani ya safu hiyo iandikwe mara mbili mfululizo ili isidhaniwe kuwa ni ya kufunga. Sharti la mwisho wa mstari linastahili kukaziwa, kwa sababu linabatilisha hata hatua ya kwanza ya njia fupi, ile ya kuligawa faili mstari kwa mstari. Karani aliyebonyeza kitufe cha kushuka mstari katikati ya safu ya maelezo ameandika rekodi moja inayokaa katika mistari miwili, na programu iliyokata mistari kwanza imeshaipasua rekodi hiyo kabla ya kufika kwenye mikato.

Hata safu tupu zina mtego wake. Mstari 016,Kasansa,mpunga,, una safu tano, mbili za mwisho zikiwa hazijajazwa. Amri ya kukata katika lugha ya programu ya Python inarudisha vipande vitano. Amri yenye jina hilohilo katika lugha ya Java, isipoelekezwa vinginevyo, hutupa vipande vitupu vya mwishoni na kurudisha vitatu. Wanaodai kwamba amri ya kukata haina utata wanapaswa kueleza ni ipi kati ya hizo mbili wanayoizungumzia.

3. Dai kwamba nafasi tupu ni mpaka wa asili

Mahali ambapo kitenganishi ni nafasi tupu, kwa mfano katika kisanduku cha kutafutia kumbukumbu au katika amri inayoandikwa kwenye kompyuta, hoja hubadilika sura kidogo: inasemwa kwamba maneno hutengana yenyewe kwa nafasi, hivyo kukata kwa nafasi ni kufuata maumbile ya lugha. Manispaa ya Mpanda inatosha kuivunja hoja hiyo. Miongoni mwa kata zake zimo Mpanda Hotel na Uwanja wa Ndege. Jirani, katika Wilaya ya Tanganyika, iko kata ya Mpanda Ndogo. Mtu anayetafuta kumbukumbu kwa kuandika mpunga "Mpanda Hotel" 2023 ametaja vitu vitatu, naye ameweka alama za mtajo ili ieleweke hivyo. Programu inayokata kwa nafasi inaona vinne, kisha inamletea kila kumbukumbu yenye neno Mpanda, zikiwemo za Mpanda Ndogo, na kila kumbukumbu yenye neno Hotel. Kwa Uwanja wa Ndege hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa kipande cha kati ni neno "wa", linalopatikana karibu katika kila sentensi ya Kiswahili.

Gharama ya kosa hili haiishii kwenye utafutaji. Katika mifumo ya Unix, ambako programu ya kupokea amri hukata kwa nafasi kila thamani isiyozungushiwa alama za mtajo, jina la faili au la diski lenye nafasi ndani yake hugeuka kuwa majina mawili. Novemba 2001 kampuni ya Apple ililazimika kukiondoa kisakinishi cha iTunes 2.0 cha Mac OS X baada ya kubainika kwamba kilikuwa kikifuta data za baadhi ya wateja, na chanzo kilikuwa amri ya kufuta iliyotumia jina la diski bila kulizungushia alama za mtajo, ilhali baadhi ya diski zilikuwa na nafasi katika majina yake. Kampuni yenye wahandisi wengi na wajaribu wengi iliangushwa na alama mbili ambazo mtazamo unaopingwa hapa unaziita jambo dogo.

4. Dai kwamba alama ya mtajo ni alama ya mtajo tu

Hoja nyingi kuhusu ugawaji wa maandishi zimeandikwa kwa kufikiria lugha ambazo alama moja ya juu (') hutumika hasa kufungua na kufunga maneno yaliyonukuliwa. Kiswahili kina ritifaa, na ritifaa ni sehemu ya tahajia: ndiyo inayotofautisha sauti ya ng' katika ng'ombe na ile ya ng katika ngoma. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 tayari inaiandika hivyo, miaka 24 kabla ya ASCII, jedwali la Kimarekani la namba za herufi, kutolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1963. Katika jedwali hilo ritifaa na alama moja ya mtajo zinashirikiana namba moja, yaani 39, na tangu hapo mashine haina njia ya kuzitofautisha isipokuwa iambiwe.

Athari yake inaonekana waziwazi katika shlex, moduli ya Python inayogawa maandishi kwa kufuata kanuni za Unix, na ambayo hupendekezwa mara kwa mara kuwa dawa ya maneno yaliyozungushiwa alama za mtajo. Ikipewa maandishi mpunga Nyang'hwale 2023, yenye jina la wilaya ya Mkoa wa Geita, amri yake ya kukata husimama na kudai kwamba alama ya kufunga haikuonekana. Ikipewa mpunga Ng'hong'onha 2023, yenye jina la kata ya Jiji la Dodoma, haisimami: inarudisha vipande vitatu, lakini cha pili kimekuwa Nghongonha, kwa kuwa ritifaa ya kwanza imechukuliwa kuwa ya kufungua, ya pili kuwa ya kufunga, na zote mbili zimetupwa. Ikipewa Nyang'hwale mpunga Chang'ombe, inarudisha kipande kimoja tu, Nyanghwale mpunga Changombe, kwa sababu kila kilichokuwa kati ya ritifaa mbili za majina mawili tofauti kimehesabiwa kuwa maneno yaliyonukuliwa. Jina lenye ritifaa moja linazuia kazi, lenye ritifaa mbili linaharibiwa kimyakimya, na majina mawili yakikutana yanameza kila kilicho katikati yake.

Majina ya Kisukuma yenye Ng'w mwanzoni ni ya kawaida katika mashamba na machunga ya Mpimbwe. Programu iliyoandikwa bila kuyafikiria haiwakosei watu wote kwa usawa. Inalikosea kundi moja kila siku, kwa kosa lilelile. Zaidi ya hayo, programu nyingi za kuchapa matini na baadhi ya simu hubadilisha alama zilizonyooka kuwa zilizopinda bila kuulizwa. Nyang’hwale yenye ritifaa iliyopinda si sawa na Nyang'hwale yenye iliyonyooka mbele ya mashine, na jina “Majimoto, Mpimbwe” likizungushiwa alama zilizopinda halilindwi hata kidogo, kwa kuwa msomaji wa CSV, asipoelekezwa, huitambua alama iliyonyooka pekee.

5. Dai kwamba fomula ya ruwaza inaziba pengo

Waliokwisha kuumizwa na amri ya kukata hukimbilia fomula ya kutafuta ruwaza, yaani maelezo mafupi ya umbo la maandishi yanayotakiwa kupatikana. Fomula iliyoenea zaidi husema hivi: mkato ukatwe iwapo tu idadi ya alama za mtajo zilizobaki mbele yake hadi mwisho inagawanyika kwa mbili. Wazo hilo ni la werevu, nalo hufanya kazi pale kila alama iliyofunguliwa inapofungwa. Halifanyi kazi kwingineko, kama mstari huu wa mfano kutoka duka la vifaa vya umwagiliaji unavyoonyesha, ambamo alama ya mtajo imetumika kama alama ya inchi.

017,bomba 2",Usevya,imelipwa

Mkato wa kwanza una alama moja mbele yake, hivyo haukatwi. Mikato miwili inayofuata haina alama mbele yake, hivyo inakatwa. Namba ya rekodi na jina la bidhaa vinabaki vimeshikana, na safu nne zimekuwa tatu. Fomula hiyohiyo ikitumiwa kwa faili zima badala ya mstari mmoja, alama moja ya inchi hugeuza maana ya kila mkato ulioitangulia: uliokuwa nje unahesabiwa ndani, na uliokuwa ndani unahesabiwa nje. Isitoshe, fomula hiyo haiondoi alama za mtajo zilizozunguka kipande wala haizipunguzi zile zilizoandikwa mara mbili, hivyo kazi yenyewe haijaisha. Kwa kuwa kila mkato hulazimisha maandishi yaliyobaki yasomwe upya hadi mwisho, maandishi yakiongezeka mara mbili kazi huongezeka karibu mara nne. Waliokataa kusoma herufi moja moja kwa sababu ya kasi wameishia kuzisoma herufi zilezile mara nyingi zaidi.

6. Dai kwamba kitenganishi kibadilishwe

Wengine hushauri kwamba mkato uachwe na mahali pake pawekwe nukta mkato, mstari wa wima au nafasi ya kichapo. Ushauri huo hupunguza migongano, hauiondoi. Nafasi ya kichapo haionekani kwa macho, nayo huingia ndani ya safu mtu anaponakili maandishi kutoka lahajedwali. Nukta mkato ni alama ya uandishi kama mkato ulivyo, na tayari Excel huitumia yenyewe katika kompyuta zilizopangwa kwa desturi za nchi ambazo mkato hutenganisha namba nzima na desimali, hivyo faili moja linaweza kuwa na kitenganishi tofauti kulingana na kompyuta iliyolitoa.

Jedwali la ASCII lenyewe lilitenga namba nne, 28 hadi 31, kwa ajili ya kutenganisha taarifa tu, nazo hazikupata nafasi katika kazi za kila siku, kwa kuwa hakuna kibodi ya kawaida yenye kitufe chake na hakuna karani anayeweza kuziona. Kitenganishi kinachoweza kuandikwa na mtu kinaweza pia kuwa sehemu ya alichokusudia kukiandika, na kwa sababu hiyo kanuni ya kulinda kipande haiepukiki, alama yoyote itakayochaguliwa.

7. Dai kwamba watumiaji waelekezwe

Hoja hii husemwa kwa upole kuliko zote, lakini ndiyo inayobeba dhuluma kubwa kuliko zote: karani aambiwe asiandike mikato katika fedha, asiandike wilaya baada ya kijiji, na aondoe ritifaa katika majina. Maana yake ni kwamba tahajia ya mtu, aliyoipata kwa wazazi wake, ikatwe ili ilingane na uvivu wa programu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za mtu ahakikishe kwamba ni sahihi. Jina lililonyang'anywa ritifaa yake na mashine si taarifa sahihi, na agizo la kuliandika vibaya makusudi haliligeuzi kuwa sahihi.

Gharama yake humfikia mtu kwa njia zinazojulikana. Jina lililoandikwa kwa namna moja kwenye kitambulisho cha taifa na kwa namna nyingine kwenye akaunti ya benki au kwenye daftari la wakulima huzaa maswali, na maswali huzaa hati ya kiapo, ada yake na nauli yake. Kwa mkazi wa Majimoto nauli hiyo ni ya safari ya kwenda Mpanda mjini, kwa barabara inayopita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Tangu msimu wa 2022/2023, ruzuku ya mbolea imetolewa kwa wakulima walioandikishwa katika mfumo wa kidijitali. Daftari la namna hiyo likisomwa vibaya, anayekosa jina lake hakosi heshima tu, anakosa pembejeo ya msimu. Hasara hizi hufanana na zile za lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo: katika gunia moja kinachopotea huonekana kidogo, hakuna anayekihesabu, na mwisho wa mavuno aliyepoteza ni mkulima yuleyule.

Hapo ndipo ukinzani wa mtazamo mzima unapojitokeza. Husemwa kwamba kazi ni rahisi, kisha huorodheshwa masharti yasiyo na mwisho ya kuifanya iwe rahisi: pasiwe na mkato, pasiwe na nafasi, pasiwe na ritifaa, pasiwe na alama ya inchi, pasiwe na anayeshuka mstari. Kazi inayohitaji masharti yote hayo haijarahisishwa hata kidogo. Amepewa tu mtu mwingine aifanye, asiye na uwezo wa kuikataa.

8. Dai kwamba njia sahihi ni nzito

Njia sahihi inaweza kuelezwa kwa maneno machache. Programu isome herufi moja baada ya nyingine, huku ikikumbuka jambo moja tu: iko ndani ya alama za mtajo au iko nje yake. Ikiwa nje, kitenganishi kinafunga kipande, na alama ya mtajo inayotokea mwanzoni mwa kipande inaipeleka ndani. Ikiwa ndani, kitenganishi ni herufi kama nyingine, alama mbili za mtajo mfululizo zinahesabiwa kuwa moja, na alama moja inaitoa nje. Maandishi yakiisha ingali ndani, hiyo ni hitilafu, nayo itangazwe. Kila herufi inasomwa mara moja, na kanuni zote zinaenea katika ukurasa mmoja wa programu.

Mara nyingi hata ukurasa huo hauhitajiki. Python imekuwa na moduli ya csv katika maktaba yake ya msingi tangu toleo la 2.3 la mwaka 2003, nayo huisoma mistari 014, 015 na 017 iliyotajwa juu bila kosa, ikiacha ritifaa zote mahali pake na alama ya inchi mahali pake. Java haina msomaji wa namna hiyo katika maktaba yake ya msingi, lakini maktaba huria zipo. Kwa maandishi yaliyotengwa kwa nafasi, shlex nayo inaweza kuelekezwa iitambue alama ya mtajo maradufu pekee na kuiachia ritifaa kazi yake ya tahajia. Kinachohitajika ni mwandishi wa programu ajue kwamba uamuzi huo upo na aufanye kwa makusudi.

Njia sahihi pia inadai umakini. Moduli ya csv, isipoelekezwa, hukosea pale nafasi tupu inapotangulia alama ya kufungua, kwa kuwa alama isiyo mwanzoni mwa kipande huichukulia kuwa herufi ya kawaida. Tena haipigi kelele alama isipofungwa, bali humeza mistari inayofuata mpaka ikutane na alama nyingine au mwisho wa faili. Zipo swichi mbili za kurekebisha hayo, skipinitialspace na strict, na ipo hatua ya tatu isiyohitaji maktaba yoyote, nayo ni kuhesabu vipande vya kila rekodi na kuisimamisha kazi pale idadi isipolingana na safu zinazotarajiwa. Programu inayosimama na kutaja namba ya mstari wenye kasoro inamsaidia karani. Inayoendelea na orodha iliyovurugika inampa hasara bila taarifa.

Uamuzi unaofuata kutoka katika hoja hizi ni mmoja. Amri ya kukata ina mahali pake, napo ni kwenye maandishi ambayo programu yenyewe imeyatunga na ambayo inajua kwa hakika kwamba hayana kitenganishi ndani yake; haina haki ya kugusa maandishi yaliyoandikwa na mtu. Anayefundisha uandishi wa programu na afundishe alama za mtajo siku ileile anayofundisha kukata. Anayeandika programu kwa ajili ya Watanzania na ayaweke katika majaribio yake maandishi haya: "Majimoto, Mpimbwe", Mpanda Hotel, Uwanja wa Ndege, Nyang'hwale, Ng'hong'onha, na 1,250,000. Programu isiyoweza kuyasoma hayo na kuyarudisha kama yalivyoandikwa haijakamilika, na haipaswi kukabidhiwa daftari la mkulima yeyote.